Sanduku la kijani la vifaa vya fizikia: linunueni, ila ukurasa wa 5 na wa 14 virekebishwe kwanza

Walimu wenzangu wamekuwa wakiniuliza kuhusu lile sanduku la kijani la vifaa vya fizikia linalouzwa Kariakoo, lenye vifungo viwili vya chuma na kijitabu cha Kiswahili ndani. Nimelitumia mihula miwili, kidato cha pili na cha tatu, kwa hiyo ninaweza kulisemea. Nafundisha fizikia Mbeya, huu ni mwaka wangu wa 19, katika shule ya kata yenye chumba cha maabara kizuri na makabati ambayo kwa muda mrefu yalitunza chaki na madaftari ya mahudhurio. Tulichanga walimu watatu, shilingi 185,000, mdogo wangu akalinunua Dar na kulipakia kwenye basi. Lilifika zima, hata themometa haikuwa na ufa.

Ndani kuna bomba la sindano la mililita 60, bila sindano yenyewe, limeunganishwa kwa mpira mfupi na geji ya kanieneo (msukumo wa hewa) inayosoma hadi kilopaskali 300. Kuna springi mbili, mawe kumi ya gramu 50, stendi yenye kibanio, rula ya nusu mita, themometa, stopwochi, na kijisanduku cha kioo chenye taa ndogo cha kutazamia moshi kwa hadubini. Hadubini unajitafutia mwenyewe. Sisi tuliazima ya biolojia.

Vifaa ni imara kuliko nilivyotarajia kwa bei hiyo. Bomba linabana hewa barabara: tulilisukuma hadi mililita 20, tukalifunga kwa kibanio, na baada ya dakika tano geji haikuwa imeshuka. Likianza kukwama, tone moja la mafuta ya silikoni kutoka duka la spea linatosha. Stopwochi ni ya kawaida. Rula ina alama zinazofutika, iwekeeni utepe wa plastiki juu mapema.

Kilichonifanya niandike haya yote ni kijitabu. Kina kurasa 32 na Kiswahili chake ni safi. Kwa mtoto anayesomeshwa fizikia kwa Kiingereza tangu kidato cha kwanza, kukuta maelezo kwa lugha anayoiota usiku ni msaada mkubwa sana. Nimeona wanafunzi waliokuwa kimya mwaka mzima wakibishana juu ya kijitabu hicho hadi kengele ikalia. Ndiyo maana kosa la ukurasa wa 5 linaniuma, maana wamelisoma kwa makini kuliko walivyowahi kusoma chochote nilichoandika ubaoni.

Ukurasa huo una mchoro wa ngazi. Kipandio cha chini kimeandikwa nadharia tete (wazo ambalo bado halijapimwa), cha kati nadharia, cha juu kabisa sheria. Maelezo yake yanasema kwamba nadharia ikipimwa mara nyingi na kuthibitika hupanda na kuwa sheria. Mtoto akishameza ngazi hiyo, anaondoka akiamini kwamba kila kitu kinachoitwa nadharia bado kina mashaka, na kwamba kuna siku wataalamu watakaa kikao wakipandishe.

Lugha yetu yenyewe inawasukuma watoto upande huo. Sheria kwetu inatoka Dodoma. Muswada unasomwa bungeni, unajadiliwa, Rais anatia saini, ndipo unakuwa sheria. Na chini ya sheria waziri anatunga kanuni. Mtoto aliyefundishwa hivyo kwenye uraia, akiona ngazi ya ukurasa wa 5, anaiona nadharia kama muswada unaosubiri saini. Upande wa pili, nadharia tumeizoea kama kinyume cha vitendo. Fundi anayeeleza vizuri lakini redio haiwaki tunasema ana nadharia tu. Kwa hiyo neno hilo linaingia darasani likiwa limeshapunguzwa thamani kabla mwalimu hajafungua mdomo.

Sehemu moja ya ngazi naikubali. Nadharia tete ni neno zuri sana, kwa sababu tete ni punje ambayo haijakomaa, na wazo lililopimwa likasimama linaweza kweli kukomaa na kuwa nadharia. Lakini mahindi yakikomaa hayageuki kuwa debe la kuyapimia. Kanuni ya kisayansi ni kama debe: inakwambia kiasi gani, kwa uhusiano gani, katika mazingira gani. Nadharia inakwambia kwa nini iko hivyo. Hivi ni vitu viwili vyenye kazi mbili, na hakuna kinachomngoja mwenzake apande cheo. Darasani nimezoea kusema kanuni, kijitabu kinasema sheria. Vyovyote mtakavyoita, namaanisha kitu kilekile.

Sasa jambo la kufurahisha kuhusu sanduku hili ni kwamba vifaa vyake vinaubomoa mchoro wake. Nieleze kilichotokea tulipofanya jaribio la Boyle, la uhusiano kati ya ujazo wa hewa na kanieneo yake, kwa sababu hapo pia kijitabu kina kosa la pili ambalo walimu wa nyanda za juu lazima mlijue.

Ukurasa wa 14 unaelekeza hivi: vuta bomba hadi mililita 40 likiwa wazi, liunge na geji, kisha sukuma kidogokidogo na kuandika namba. Geji husoma sifuri ikiwa kwenye hewa ya kawaida, kama geji ya fundi pancha kabla hajaichomeka kwenye tairi, kwa hiyo kijitabu kinasema ongeza 101, yaani kilopaskali za hewa ya kawaida, kwenye kila namba ili upate kanieneo halisi. Kisha zidisha kanieneo kwa ujazo. Jibu linapaswa kuwa lilelile kila mara.

Wanafunzi walipata sifuri kwenye mililita 40, 28 kwenye 30, 82 kwenye 20 na 124 kwenye 16. Wakaongeza 101 na kuzidisha. Majibu: 4040, 3870, 3660, 3600.

"Madam, kanuni imekataa," akasema msichana wa dawati la mbele.

Nilikuwa karibu kujibu kwamba ni makosa ya usomaji, jibu ambalo nami nilipewa nilipokuwa mwanafunzi. Lakini makosa ya macho hurusha namba mara juu mara chini. Hizi zilikuwa zinashuka kwa mpangilio, kundi zima la meza sita. Nikawaambia hakuna anayefuta kitu. Yule msichana, ambaye kwao ni Kyela, bondeni kando ya Ziwa Nyasa, akasema jambo ambalo sikulitegemea: "Hapa maharage hayaivi, Madam. Nyumbani yanaiva upesi." Darasa likacheka, mimi nikakaa kwenye stuli.

Mbeya tuko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari. Maji yanachemka kwenye nyuzi 94 kwa sababu hewa iliyo juu yetu ni pungufu. Namba 101 ni ya mtu aliyekaa Dar au Tanga. Mwalimu wa jiografia ana simu yenye kipima kanieneo. Tuliifungua ikasoma hektopaskali 830, yaani kilopaskali 83. Wakafuta 101, wakaongeza 83. Majibu mapya: 3320, 3330, 3300, 3312. Mtu mmoja nyuma akapiga makofi.

Walimu wa Mbeya, Iringa, Njombe, Makete, Lushoto: msitumie 101 ya kijitabu. Tafuteni kanieneo ya mahali penu kwa simu au kwa kituo cha hali ya hewa kilicho karibu. Duka nimelipigia simu kuhusu ukurasa huu na ule wa 5, kijana aliyepokea akasikiliza kwa adabu na kuandika.

Baada ya makofi niliwauliza: kanuni imetimia, je, imetuambia kwa nini hewa inasukuma? Wakatazama namba zao. Hazikuwa na neno hata moja juu ya hilo. Zinasema ukipunguza ujazo nusu, kanieneo inakuwa maradufu, ilimradi jotoridi lisibadilike na gesi isivuje. Basi.

Historia ya kanuni hii ndiyo ningependa ichukue nafasi ya ile ngazi. Robert Boyle aliitoa mwaka 1662 baada ya kumimina zebaki kwenye mrija wa kioo uliopindwa kama herufi J na kupima hewa iliyonaswa upande mfupi. Wazo la uhusiano huo alisema alilipata kwa Richard Towneley, na aliliita nadharia tete ya Towneley. Tayari hapo ngazi imevunjika, maana kilichoitwa nadharia tete kilikwenda moja kwa moja kuwa kanuni, hakikupita kwenye nadharia hata kidogo.

Na kuhusu kwa nini, Boyle alikuwa na picha yake. Alifikiri labda chembe za hewa ni kama springi ndogo, au kama manyoya ya kondoo ukiyakandamiza mkononi yakataka kufutuka. Newton mwaka 1687 akaonyesha kwa hesabu kwamba chembe zinazosukumana kwa namna fulani zingeweza kutoa kanuni ileile. Daniel Bernoulli mwaka 1738 akaja na picha nyingine kabisa: chembe zinakimbia huku na huko na kugonga kuta za chombo, na kanieneo ndiyo jumla ya mapigo hayo. Hiyo ilikaa pembeni zaidi ya miaka 100 hadi wanafizikia Clausius mwaka 1857 na Maxwell mwaka 1860 walipoijenga kwa hesabu kamili. Muda wote huo kanuni ya Boyle ilikuwa palepale, namba zilezile. Maelezo yalibadilika chini yake, manyoya yakaondoka, misukumano ikaondoka, chembe zinazokimbia zikabaki.

Niliwaeleza hivi huku bomba likiwa mkononi. Ukisukuma hadi nusu, chembe ni zilezile lakini ukuta umesogea, zinaugonga mara mbili zaidi. Mvulana mmoja akauliza zinakimbia kiasi gani. Kwa hewa ya chumbani ni takriban mita 500 kwa sekunde. Kimya kikawa kirefu, kisha akauliza kwa nini basi marashi yanachelewa kufika upande wa pili wa chumba. Swali hilo linahitaji nadharia kulijibu (zinagongana zenyewe kwa zenyewe njia nzima), na kanuni ya Boyle haina hata pa kuanzia.

Hapo ndipo kijisanduku cha moshi kinapopata thamani yake. Choma kipande cha kamba ya katani, nasa moshi kidogo ndani, funika, washa taa, tazama kwa lenzi ndogo ya hadubini. Utaona vidoa vya nuru vinatetemeka, vinaruka hapa na pale, havitulii. Ni chembe za moshi zinazopigwa na molekuli za hewa ambazo macho hayazioni. Robert Brown aliuona mtikisiko wa aina hii ndani ya maji mwaka 1827, akitazama vitu vidogo vitokavyo kwenye chavua. Einstein mwaka 1905 akakokotoa mtikisiko unapaswa kuwa mkubwa kiasi gani ikiwa molekuli zipo kweli, na Jean Perrin akapima, namba zikakubaliana. Kabla ya hapo walikuwepo wanasayansi wakubwa waliokataa kwamba atomu zipo. Perrin alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1926 kwa kazi hiyo. Nadharia hiyo ya chembe zinazokimbia ilithibitishwa kwa kiwango ambacho hakuna mwenye akili anayetazamia iporomoke, na mpaka leo inaitwa nadharia. Haikupanda popote, kwa sababu haikuwa na haja ya kupanda.

Angalizo kuhusu kifaa hiki: taa inapasha moto hewa, moshi wote unaanza kutiririka upande mmoja. Wanafunzi wakiona mtiririko huo wanadhani ndio mtikisiko wenyewe. Zima, subiri dakika moja, washa tena, watazame ule mruko mdogo wa kila kidoa. Tulipoteza kipindi kizima kabla sijalijua hili, na kijitabu hakilitaji.

Springi zina mafunzo yake. Kanuni ya Hooke ya mwaka 1678 inasema urefu unaoongezeka unalingana na uzito ulioning'inizwa. Hooke huyuhuyu ndiye aliyemtengenezea Boyle pampu ya hewa, na wanafunzi wangu walipenda kusikia kwamba kanuni mbili za sanduku moja zilitoka kwa watu waliofanya kazi chumba kimoja. Kundi moja lilining'iniza mawe yote kumi kisha wakaongeza kufuli ya kabati. Springi ilinyooka na haikurudi. Niliitundika ukutani. Ile ngazi inasema sheria iko juu ya vyote, haivunjiki. Springi ya ukutani inaonyesha kwamba kanuni ina mpaka, na ukitaka kujua mpaka uko wapi na kwa nini, lazima uulize atomu za chuma zimeshikanaje. Yaani unarudi kwenye nadharia.

Boyle naye ana mpaka wake. Mtungi wa gesi ya kupikia hauifuati kanuni yake hata kidogo: unapika wiki nzima na kanieneo ndani haishuki kwa mwendo wa Boyle, kwa sababu gesi humo imebanwa hadi ikawa kimiminika, na kinachochukuliwa na jiko kinajazwa na kimiminika kinachogeuka mvuke. Mwanafizikia Van der Waals mwaka 1873 alieleza ni wapi kanuni itapotoka: molekuli zina ukubwa wake, na zinavutana. Nadharia ndiyo iliyoikosoa kanuni, sio kinyume chake. Mchoro wa ukurasa wa 5 hauna pa kuliweka jambo hili.

Ukurasa wa 27 unamtukuza Erasto Mpemba, na hapo nashukuru, kwa sababu mtoto wa Kitanzania anastahili kumkuta kwenye kijitabu cha fizikia. Mwaka 1963, akiwa Shule ya Sekondari Magamba, aliona mchanganyiko wake wa aiskrimu uliowekwa kwenye friji ukiwa wa moto umeganda kabla ya uliopoozwa kwanza. Aliendelea kuuliza hadi alipofika shule ya Mkwawa, Iringa, na mwaka 1969 yeye na Denis Osborne wa Chuo Kikuu Dar es Salaam wakachapisha matokeo yao. Lakini kijitabu kimeupa ukurasa huo kichwa cha habari Sheria ya Mpemba, na hiyo si sahihi. Alichoona Mpemba ni tukio. Tukio hilo halina kipimo kimoja kinachosema lini na kwa kiasi gani, na halina maelezo ambayo wote wamekubaliana; mwaka 2016 watafiti Burridge na Linden walichapisha kazi wakitilia shaka kama tukio lenyewe linatokea jinsi linavyosemwa. Kumwita mwenye sheria hakumwongezei heshima. Heshima yake ni kwamba aliuliza na akakataa kunyamaza.

Nimeambiwa na mwenzangu mmoja kwamba ninashupalia maneno, na kwamba mtihani hauulizi hayo. Sikubaliani naye. Magonjwa ya kuambukiza tunayaelewa kwa nadharia ya vijidudu, na tunanawa mikono kwa nadharia hiyo. Mtoto anayeamini kwamba nadharia ni kitu kisichothibitika, siku mtu mwenye dawa ya kienyeji ya kifua kikuu atakapomwambia "hiyo ya vijidudu ni nadharia tu," atakosa la kujibu. Daktari Mjerumani Robert Koch alikionyesha kijidudu cha kifua kikuu mwaka 1882.

Kwa hiyo ninalipendekeza sanduku hili bila kusita, hasa kwa shule ambazo kidato cha nne wanakutana na vifaa siku ya mtihani wa vitendo. Nunueni mawili kama darasa lina zaidi ya watoto 50, kwa sababu geji moja haitoshi kuzungukwa. Ukurasa wa 5 mimi nimeubandikia karatasi nyeupe, na juu yake wanafunzi wamechora wenyewe: upande mmoja bomba na namba zake nne, upande wa pili vidoti vinavyokimbia ndani ya kisanduku, na mshale kutoka kwenye vidoti kwenda kwenye namba ulioandikwa "kwa nini".

Likizo ilipofika, yule msichana wa Kyela aliomba aende na bomba. Tulilifunga mdomo likiwa mililita 40 asubuhi ya kuondoka, tukakokotoa pamoja: Kyela iko mita 500 hivi, kanieneo kule ni kama kilopaskali 96, kwa hiyo hewa iliyofungwa ingebanwa hadi karibu mililita 35. Aliandika 35 kwenye kiganja kwa kalamu ya wino. Jioni ya pili ikaingia picha kutoka kwenye simu ya mama yake, bomba limelazwa juu ya meza yenye kitambaa cha maua, pistoni iko kwenye 36, na chini ameandika: "Madam, nimeligongagonga lisikwame, bado ni 36. Kanuni ilitaka jotoridi lisibadilike, na huku kuna joto. Zinagonga kwa nguvu zaidi."